Mirihani ya Msalaba

Siku mbili kabla ya Sikukuu ya Msalaba, mkwe wa Zambeta aliikata mirihani yote ya kanisa akaipika.

Kuipika si neno lenyewe, kwa sababu haikupita motoni, aliitwanga. Lakini pale kijijini, kusini mwa kisiwa cha Chios, hakuna aliyekaa kupambanua. Mirihani ya Msalaba imetiwa mdomoni, basi. Kwa watu wale mrihani haukuwa kiungo cha mboga. Ulikaa kwenye debe mlangoni, mtu akipita anaupapasa kwa kiganja, ananusa kiganja chake, anaenda zake. Kuuinamia na kuutia pua moja kwa moja kulikuwa kukosa adabu, na walisema unanyauka. Kuula ndiyo usiseme. Ni sawa na mtu kuramba picha ya mtakatifu kwa sababu rangi yake imemkumbusha asali.

Zambeta na binti yake Kalio walikuwa shambani tangu alfajiri, wamepiga magoti chini ya miti ya mastiki wakiokota utomvu ulioganda. Walirudi jua limeshapanda, migongo inawauma, na Zambeta ndiye aliyefika kwanza kwenye ngazi za nyumba. Madebe yake ya mafuta ya zeituni, aliyoyapaka chokaa kwa mkono wake mwenyewe, yalikuwa yamejipanga pale pale. Juu ya kila debe kilikuwa kimebaki kisiki kitupu, na jani hata la dawa hakuna.

Kutoka jikoni ilikuwa ikitoka harufu ambayo hajawahi kuisikia kwa wingi ule tangu azaliwe.

"Mama, usiseme kitu," Kalio alimnong'oneza. "Ngoja kwanza nijue."

"Sijasema."

"Lakini unataka kusema."

"Nataka kuua. Kusema baadaye."

Ottavio alikuwa amesimama mbele ya kinu cha jiwe, kifua kimejaa furaha, mikono ya kijani mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mpishi wa meli, mtu wa Genoa, mnene, mpole, mwenye kutokwa jasho hata akiwa amekaa. Kigiriki chake alikiokota melini kwa mabaharia, na mabaharia hawakumfundisha tofauti ya neno la kumwitia rafiki na neno la kutukania. Kwa hiyo alimgeukia mama mkwe wake kwa tabasamu lote alilojaliwa na Mungu akamwambia, "Kaa, mshenzi wangu. Leo mama hapiki. Leo mimi napika."

Alieleza alichofanya, na kadiri alivyoeleza ndivyo Kalio alivyozidi kufunika uso. Kumbe maskini amekuwa akiyatazama yale madebe tangu afike mwezi ule. Kwao mrihani unaliwa ungali mchanga, na huu ulikuwa umeachwa ukazeeka na kuanza kutoa maua, hakuna anayeuchuma. Akamhurumia mama mkwe. Akaona labda hajui. Akatafuta kitunguu saumu, lozi, jibini ya mbuzi na mafuta mazuri, akaukata wote usije ukaharibika, akautwanga kuwa sosi ya kwao, ile ambayo mama yake huwafanyia watu anaowapenda.

Zambeta alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia Kalio amtoe yule mtu jikoni kabla mchi haujapata kazi nyingine.

Hasira yake haikuwa ya siku hiyo tu, na asiyelijua hilo atamwona mkali bure. Kanisa la kijiji lilikuwa likipambwa kwa mirihani yake tangu mumewe angali hai. Siku ya sikukuu Padri huuzungusha Msalaba kanisani ukiwa umelazwa kwenye sinia la mirihani, halafu kila mtu hupewa kijitawi. Wanawake huenda navyo nyumbani, wakakanda unga na maji bila hamira, wakakilaza kijitawi juu, wakafunika. Unga huumuka wenyewe. Hiyo ndiyo chachu ya mwaka mzima, na mkate wote unaoliwa kijijini, wa mezani na wa altareni, unatokana nayo. Zambeta hakuwa na ardhi kubwa wala mtoto wa kiume. Alikuwa na mirihani, na mirihani ilimpa pa kusimama.

Halafu Kalio akaenda bandari ya Pirea kutafuta kazi, akarudi na Mtaliano aliyefunga naye ndoa bomani. Serikali ilikuwa imeruhusu jambo hilo mwaka uliotangulia tu, na kijiji kizima hakikuwa kimeona mtu wa aina hiyo. Meli ilikuwa inang'oa nanga, Kalio alieleza, hapakuwa na nafasi ya padri. Mama yake alipomsihi wafunge upya kanisani, alijibu kwamba ameshaolewa na hataolewa mara mbili na mwanamume mmoja. Zambeta alilia wiki nzima. Bwana Isidoros, mshika funguo wa kanisa, ambaye ndiye aliyeamua nani akae kiti gani na nani ashike mshumaa upi, hakulia. Alianza kumwita Kalio "yule msichana wa Bi Zambeta", kana kwamba mume hakuwapo.

Kwa hiyo Zambeta alipokaa siku ile jikoni, mbele ya kinu kilichojaa sikukuu yake, alichokuwa akikiwaza ni kumfungashia Ottavio virago. Tena alishaamua atamfungia vitu gani vya njiani. Si kwamba mtu huyu hakuwa mwema. Wema wake ndio uliomchosha.

Harufu haikusubiri. Ilipita dirishani, ikavuka kichochoro, na jirani yake Evgenia akachungulia kuuliza kama kuna mgonjwa anakandwa. Aliyaona madebe. Aliondoka hapo bila kuaga, na kabla ya jua kutua hapakuwa na nyumba isiyojua kwamba kwa Zambeta wanakula Msalaba kwa makaroni.

Bwana Isidoros alikuja walipokuwa wanaandaa meza. Kwa kweli aliyeandaa alikuwa Ottavio, kwa sababu makaroni yalishachemka na yeye hakujua namna nyingine ya kuomba radhi. Alikuwa ameambiwa kila kitu na Kalio na macho yake yalikuwa mekundu. Hata hivyo alipomwona mgeni mlangoni alivuta kiti. "Karibu, mshenzi," alimwambia kwa heshima.

Isidoros hakukaa. Alikuwa mzee mwembamba mwenye shati lililofungwa mpaka kooni, na alizungumza kama anayesoma tangazo. Alisema kijiji kimehuzunika. Alisema amekwisha agiza mirihani mjini kwa sababu kanisa haliwezi kumngoja mtu. Alisema Padri ni mpole mno, ndiyo maana yeye ameona aje.

"Unataka nini, Bwana Isidoros?" Zambeta aliuliza. "Chakula kinapoa."

"Huyu mtu aondoke kesho na meli ya asubuhi. Na siku ya sikukuu usimame mlangoni mwa kanisa, uwaombe watu msamaha, useme kwamba hawa hawajaoana. Useme kwa kinywa chako."

"La sivyo?"

"La sivyo nyumba hii haipewi kijitawi. Wala hakuna mwanamke atakayekugawia chachu yake, nimeshawaambia. Utanunua mkate mjini, mkavu, kama watalii."

Sasa hapo ndipo mambo yalipogeuka, na yaligeuka ndani ya Zambeta kabla hajajua. Mwenyewe alikuwa tayari kumfukuza Ottavio. Alikuwa na haki hiyo; mkwe ni wake, kinu ni chake, madebe ni yake. Lakini kuamriwa na Isidoros amfukuze, ndani ya nyumba yake, na mtu ambaye hajawahi hata siku moja kumwagilia debe moja, hilo lilimpanda mpaka kichwani. Na lile la kusema binti yake hana mume. Alimtazama Kalio, ambaye alikuwa ameshika mkono wa yule mnene chini ya meza akidhani haonekani. Basi kama hawa hawajaoana, alijisemea, mimi na marehemu tulikuwa tunafanya nini miaka yote ile.

Akavuta kiti akakaa. Akakunjua kitambaa.

"Ottavio," alisema, "nipakulie."

Ottavio alimtazama Kalio kama ameelewa vibaya.

"Amesema umpakulie," Kalio alimwambia.

"Zambeta," Isidoros alisema, na lile Bi likawa limeanguka njiani, "hicho ni cha Msalaba."

"Msalaba ulikuwa haujafika. Ulikuwa mrihani tu, kwenye debe langu, nimeumwagilia mimi kwa maji niliyoyabeba mimi. Ungebarikiwa keshokutwa. Leo ni mboga." Alizungusha uma, akajaza kinywa, akatafuna bila haraka, macho kwa Isidoros. Alitarajia kuchukizwa. Ilikuwa tamu, tena tamu sana, na hilo nalo lilimkera. "Imepungua chumvi kidogo," alimwambia mkwe wake. "Ila unajua kazi."

Isidoros alisema kwamba amesikia na ameona, akaondoka. Baada ya yeye kutoka, Zambeta aliweka uma chini, akamwambia Ottavio kwamba akirudia tena kugusa kitu chochote cha kijani bila kumuuliza atamkata vidole. Ottavio alikubali masharti yote.

Siku ya sikukuu walikwenda kanisani wote watatu. Kalio hakutaka, alisema wataaibishwa bure. Zambeta alijibu kwamba ukibaki nyumbani unaaibishwa vilevile, ila huoni nani anacheka. Alivaa gauni lake jeusi la heshima, akapita katikati, akasimama mahali pake pa siku zote, upande wa wanawake, karibu na nguzo. Evgenia alisogea akaacha pengo la mtu mmoja.

Mirihani ya mjini ilikuwa imefungwa kwa raba, midogo, imechoka na safari. Padri Nikiforos aliuzungusha Msalaba, akauinua, watu wakaimba. Zambeta naye aliimba, tena kwa sauti, maana hakuwa na ugomvi na Msalaba. Kisha mstari ukaanza, kila mtu anabusu, anapokea kijitawi, anapita. Isidoros alisimama pembeni ya Padri ameshika sinia.

Zamu ya Zambeta ilipofika, alibusu Msalaba, akatandaza kiganja. Isidoros alilivuta sinia kifuani. Mkono wa Padri ulibaki hewani ukitafuta kitu cha kushika. Padri alimtazama mshika funguo, akamtazama Zambeta, na Zambeta akaona wazi kwamba anaogopa, kwamba paa la kanisa linavuja na anayejua mafundi ni Isidoros. Padri aliteremsha mkono.

Zambeta alisubiri kidogo zaidi, ili kila aliyekuwa nyuma aone vizuri. Halafu akakifunga kiganja chake kitupu, akapita.

Njiani Kalio alilia. Mama yake hakulia. Alipofika nyumbani alivua gauni, akavaa aproni, akamimina unga kwenye bakuli la udongo.

"Unafanya nini, Mama?"

"Chachu."

"Na nini?"

"Na maji."

Kalio aliketi taratibu. Alikuwa ameishi Pirea miaka ya karibuni, alikuwa ameolewa bomani, hakuwa mtu wa kuogopa mambo. Lakini hili lilimwogopesha. Hakuna mwanamke aliyewahi kujaribu. Bibi zao hawakujaribu. Unga huumuka kwa sababu ya Msalaba, kila mtoto anajua.

"Na usipoumuka?"

"Tutakula makaroni. Mpishi tunaye."

Alikanda, akafunika kwa kitambaa cheupe, akalizungushia bakuli blanketi, akaliweka karibu na jiko. Juu ya unga hakulaza kijitawi chochote. Ottavio alikuwa amejitolea kuzunguka mji mzima kutafuta mrihani mwingine, hata wa kuiba, na Zambeta alimkatalia. Alisema hataki kumdanganya mtu, na kwanza kabisa hataki kumdanganya Mungu.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya, na yeye aliyejifanya jiwe mbele za watu hakuwa jiwe hata kidogo. Alikuwa anaamini. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake. Kama angekuwa mtu asiyeamini, unga ungekuwa unga. Lakini aliamini kwamba ni Mungu anayeinua kile kinyunya, donge lile la unga, mwaka baada ya mwaka, na sasa alikuwa amemwekea Mungu bakuli tupu na kumwambia chagua. Unga usipoumuka, Isidoros amesema kweli, binti yangu hana mume na mimi nimekula kufuru. Alilisema hilo kwa sauti akichochea jiko, kwa ukali, kama anavyozungumza na mdai. Baadaye aliomba msamaha kwa ukali huo, lakini maneno hakuyaondoa.

Siku ya kwanza kinyunya kililala. Ya pili kililala, kikawa na ukoko juu. Alikiongezea unga na maji ya uvuguvugu, akakifunika tena, na hakumruhusu mtu mwingine kufunua kitambaa. Kalio alimwona ameketi kando ya bakuli na mikono mapajani, akaenda akamwekea shali begani.

Siku ya tatu Zambeta alifunua ncha ya kitambaa, akaona kipovu. Kimoja, ukubwa wa dengu. Akadhani ni macho yake tu. Akaangalia tena, kikapasuka, na pembeni yake vilikuwa vinatoka vingine. Alipoingiza kidole, kinyunya kilikivuta. Kilikuwa kinanuka uchachu safi, ule ule wa miaka yote.

Hakupiga kelele. Alijifanyia ishara ya msalaba, akaketi chini sakafuni, hapo hapo alipokuwa, akalia kwa mara ya kwanza tangu mirihani ikatwe, na Ottavio aliyekuja mbio akidhani ameanguka alijikuta ameshikwa shingo na kubusiwa kipara.

Jumapili iliyofuata zamu ya mkate wa altare ilikuwa ya nyumba yake. Zamu zilipangwa tangu Pasaka, na katika pilikapilika zote Isidoros alisahau kumfuta. Zambeta aliuoka alfajiri, mkate wa duara, akaugonga muhuri wa mbao katikati, ukatoka umepanda vizuri kuliko wa mwaka jana. Akaufunga kwa kitambaa na kwenda nao, Kalio upande mmoja, Ottavio upande wa pili.

Isidoros alikuwa kwenye meza ya mishumaa mlangoni. Alipouona mkate alisimama njiani, akaita kwa sauti iliyofika mpaka mbele, kwamba Padri asiupokee, kwamba mwanamke huyu hakupewa kijitawi, na hakuna aliyemgawia, na chachu hii haijulikani imetoka wapi. Wanawake waliokuwa wameshafika waligeuka. Padri Nikiforos alitoka altareni na mikono ya mavazi yake haijafungwa.

Alimwendea Zambeta, akafunua kitambaa. Alitazama mkate kwa muda. Akaugonga chini kwa kifundo cha kidole, kama wafanyavyo waokaji, nao ukaitikia kwa mlio wa wazi.

"Umetumia chachu ya nani, mama?"

"Yangu, Baba."

"Uliweka nini?"

"Unga, maji na chumvi. Mrihani sikupewa. Ulikuwepo, uliona."

Padri aliona haya, na hakuificha. "Na umeumuka."

"Umeumuka."

"Peke yake?"

"Hilo mwulize Bwana Isidoros," Zambeta alisema. "Yeye ndiye mwenye funguo. Yeye ndiye anayejua Mungu anaruhusiwa kuingia nyumba gani."

Mtu mmoja nyuma alicheka puani, akajifanya anakohoa. Evgenia alikuwa ameinua shingo, na kama kuna kitu kilichosomeka usoni mwake, ni kwamba alikuwa anafikiria bakuli lake mwenyewe nyumbani na kijitawi cha mjini kilichonyauka juu yake.

Padri Nikiforos aliuchukua mkate kwa mikono miwili, akageuka, akaingia nao altareni. Hakuhubiri chochote. Ibada ilianza na kuisha kama Jumapili nyingine zote, na mwishoni alisimama mlangoni mwa altare na bakuli la vipande vya mkate ule vilivyobarikiwa, ambavyo hupewa kila aliyekuja, awe nani, ametoka wapi.

Wa kwanza kwenye mstari, kama kila Jumapili, alikuwa Isidoros, maana hajawahi kukubali kutanguliwa na mtu. Alikuwa ameshafika mbele kabla hajakumbuka anachokwenda kupokea. Alisita. Padri aliunyoosha mkono na kipande, ukakaa hapo, safari hii haukuteremka. Nyuma walikuwa wamejipanga watu wote wa kijiji. Kukataa mkate wa Padri mbele ya kijiji kizima ni jambo ambalo hata Isidoros hakuwa na kifua nalo. Akapokea. Akakitia mdomoni, akageuka, akakuta Zambeta amesimama kwenye njia yake na Kalio na mume wa Kalio.

Zambeta hakumpisha. Alimtazama taya, namna lilivyokuwa likienda, na alimngoja pale pale mpaka alipomeza.

"Haya," alimwambia Ottavio, akimsukuma mbele kwa kiganja mgongoni. "Nenda ukachukue na wewe."